Blanketi la mama

Hapa Njombe, Juni ikishaingia, maji ya ndoo asubuhi yanauma vidole. Mama yangu ana miaka 76, na kila baridi inapofika tunabishana jambo lile lile: anataka kulala na jiko la mkaa chumbani, madirisha yamefungwa. Hewa ya sumu ya mkaa haionekani wala hainuki, na inaua mtu usingizini. Mwaka huu niliacha kubishana, nikaanza kufuma.

Uzi mwingi wa madukani ni akriliki, yaani uzi wa plastiki. Rangi zake zinavutia, ila nilimtakia mama sufu, uzi wa manyoya ya kondoo, kwa sababu nyuzi zake zina mawimbi yanayoshika hewa, na hata ikinyonya unyevu mtu haoni baridi upesi. Sufu naipata kwenye mitumba: sweta kubwa za kiume zilizotoboka kiwiko, ambazo hazigombaniwi. Kwanza naligeuza sweta nikague mshono wa ubavuni. Kama limekatwa kwa mkasi na kupigwa ovaloki, ule mshono wa mashine unaofunga kingo, naliacha, maana ukilifumua unaambulia vipande vifupi vifupi.

Lebo ikiwa imefutika, nachomoa uzi kidogo nauwasha kiberiti. Sufu hujikunja, hunuka kama nywele zinazoungua, na ukiondoa moto inazima yenyewe. Majivu yake ukiyasugua yanakuwa unga. Akriliki huyeyuka ikaacha punje nyeusi, ngumu. Muuzaji alinishangaa siku ya kwanza. Sasa sweta za namna hiyo ananiwekea pembeni.

Nilifumua manne. Uzi niliuzungushia kwenye mgongo wa kiti, nikauosha kwa maji ya uvuguvugu, nikauanika mpaka ukanyooka. Nikatumia sindano za milimita 5: vitanzi 40, mistari 80, kila mstari kishono kile kile cha kawaida, kipande kinatoka mraba wa kama sentimita 25. Vilihitajika vipande 42. Kimoja nilikifua kwa maji ya moto na kukisugua nikiwa na haraka. Kikasinyaa, kikakakamaa kama kapeti, nikafuma kingine. Kuunganisha peke yake kulinichukua jioni tisa.

Juzi usiku nilipita kumchungulia. Blanketi lilikuwa limemfika kidevuni. Nilidhani amelala, kumbe ananiangalia.

"Mwanangu, uzi umebaki? Miguu nayo inataka soksi."

Jiko lilikuwa barazani, limepoa.