Nilivyotolewa nyongo: mambo ya gesi, bega na chapati

Watu wamekuwa wakiniuliza hii maneno ya kutolewa nyongo, yaani ule mfuko wa nyongo, iko aje, wengine tayari wameambiwa na daktari na wameingia baridi, sasa wacha niandike yote mara moja. Mimi nauza mtumba Kibuye hapa Kisumu, niko arubaini na kitu, nimezaa na nikazaa tena, na mwili sijanyimwa. Daktari aliponiangalia tu akacheka akasema mama, mawe ya nyongo yanawapenda sana watu kama nyinyi. Sikukasirika ju ni ukweli, wanawake tunapata kuliko wanaume, umri ukisonga na uzito ukipanda ndo hatari inaongezeka, na kitu wengi hawajui ni kwamba hata ukikonda haraka haraka na hizi dayati za kujinyima mawe yanaweza kujitengeneza.

Yangu ilikuwa inakuja usiku. Nimekula kitu ya mafuta jioni, mbuta wa kukaanga na ugali hivi, nimelala, alafu inashika hapa kulia chini ya mbavu inapanda mpaka nyuma chini ya bega la kulia, unatapika, unazunguka nyumba ukitafuta mkao na hakuna mkao. Baada ya masaa inaachilia yenyewe, kesho yake uko sokoni unaitana wateja kama hakuna kitu. Na ju inaisha yenyewe kila mtu anaipatia jina lake. Kwa duka la dawa wakasema vidonda vya tumbo, kliniki moja wakasema taifodi nikadungwa sindano, mama mkwe akasema ni tumbo la uzazi. Zile dawa zote nilimeza. Kilichosaidia ni altrasaundi, na si kipimo cha kutisha, unaenda bila kula ndo mfuko wa nyongo uwe umejaa uonekane vizuri, wanakupaka mafuta baridi tumboni basi. Yule jamaa wa skani akaniambia nilale kwa ubavu wa kushoto, akanigeuzia skrini, nikaona vitu vyeupe vinabingirika vinaenda upande wa chini. Akasema hayo ndo mawe, uvimbe haungesonga hivo.

Nikamuuliza daktari kama hakuna dawa ya kuyeyusha. Akasema iko lakini inafanya kwa mawe madogo ya aina fulani tu, unameza miezi na miezi, ukiacha yanaweza kurudi. Basi toa mawe uniachie mfuko wangu, nikamwambia.

“Mama, wewe huwa unatoa samaki matumbo?”

“Daktari, mimi ni wa Kisumu.”

“Sasa ile nyongo ya samaki huwa unafanyaje?”

Nikamwambia unaitoa nzima nzima bila kupasua, la sivyo nyama yote inakuwa chungu. Akasema ndo hivo hivo. Mfuko ndio unatengeneza mawe, ukiacha mfuko yatakuja mengine, na ile maji ya nyongo yenyewe inatengenezwa na ini, mfuko ni stoo tu ya kuiweka ikingoja chakula cha mafuta. Ukitolewa stoo ini inaendelea na kazi, maji inateremka moja kwa moja kwa utumbo. Hapo ndo nilitulia, ju kwa soko nilikuwa nimeambiwa mtu bila nyongo hawezi kula tena mpaka afe.

Siku hizi wengi wanafanyiwa operesheni ya kamera, vishimo vidogo karibu vinne, kimoja kwa kitovu na vingine chini ya mbavu. Lakini karatasi utakayotia sahihi inasema wakiona ndani kumevimba sana au kuna damu watakufungua kawaida, hiyo isome vizuri na uulize kabla, si siku ya kuingia thieta, chumba cha operesheni. Jirani yangu wa kitanda alikuwa amefunguliwa ya kawaida, mkato mrefu chini ya mbavu, yeye nilimpata wodini na nikamwacha wodini, na kupona kwake walimwambia ahesabu wiki sita mpaka nane wakati sisi wa kamera wengi wanarudi kazi nyepesi baada ya wiki moja au mbili. Na kama unatumia SHA, ile bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, hakikisha kibali kimetoka kabla hujafika na begi, na uulize ni kiasi gani itabaki kwako.

Usiku wa kuamkia hakuna kula. Maji watakuambia mwisho ni saa ngapi. Toa rangi ya kucha, ju wanakuwekea kifaa kwa kidole cha kupima oksijeni na rangi inaweza kukisumbua. Mimi nilikuwa nimepaka nyekundu kali ya harusi ya binamu, nesi akaingia na pamba akanisugua kidole kimoja kimoja huku akinitania ati bibi harusi tunakupeleka thieta. Nusu kaputi sikuihisi hata. Operesheni yenyewe huwa kama saa moja hivi, ukiamka koo inawasha ju ya ile mpira ya kupumulia.

Sasa hapa ndo sikuwa nimeambiwa. Nilijitayarisha kwa uchungu wa tumbo, tumbo lenyewe halikuwa mbaya vile, kilichonimaliza ni BEGA. Bega la kulia linauma ajabu mpaka nikawa najiuliza kama nilianguka kwa kitanda cha thieta. Kumbe wanajaza tumbo gesi ya kabonidayoksaidi ndo lipanuke wapate nafasi ya kuona, wakimaliza wanaitoa lakini nyingine inabaki, inasumbua ule msuli wa kupumulia ulio juu ya ini, na mshipa wa fahamu wa huo msuli ni ndugu na wa bega kwa hivyo uchungu unausikia huko juu. Dawa yake ni kutembea. Nilitembea ile korido nikishika ukuta, chai ya tangawizi mkononi, na baada ya siku mbili tatu ikaisha. Kutembea pia kunasaidia damu isigande miguuni, usikubali watu wakulaze tu kama yai ati unapumzika.

Wengine wanarudi nyumbani siku hiyo hiyo, mimi walinilaza usiku mmoja. Usirudi na boda tafadhali. Mimi nilipanda teksi na nikakunja leso nene nikaikandamiza tumboni, kila tuta tukielekea Kondele naikaza, na dereva nikamwambia asipite kwa mashimo kama anafukuzwa. Hiyo leso (au mto) utaitumia sana nyumbani, ukikohoa, ukipiga chafya, hata ukicheka, na kuna shemeji yangu mmoja ilibidi nimwombe asinitembelee kwanza ju ananichekesha. Kuamka kitandani usijaribu kuinuka moja kwa moja, geuka ubavu, shusha miguu, alafu ujisukume na mikono. Zile dawa kali za maumivu zinafunga choo, anza mapapai na maji mapema.

Chakula nacho. Nilianza na uji mwepesi, alafu ugali kidogo na samaki ngege wa kuchemsha, mboga bila kuogelea kwa mafuta, kula kidogo kidogo mara nyingi. Wageni wakaja na chapati na kuku, unajua mtu haendi kuona mgonjwa mkono mtupu, na mimi nikasema moja haiui. Haiui kweli, lakini choo yetu ni ya ploti, wapangaji wote tunaitumia, na asubuhi kuna foleni, siku hiyo niliomba kila mtu kwa ile foleni anipishe na sikungoja jibu. Ni ile maji ya nyongo inateremka bila stoo, mafuta yakiwa mengi tumbo linaharisha. Kwa wengi inapungua kadiri wiki zinavyoenda, na ikikataa kuisha kuna dawa ya kuifunga, mwambie daktari usione haya. Mimi saa hii nakula chapati vizuri, mbuta wa kukaanga pia, ila si sahani nzima usiku.

Kubeba vitu vizito ndo ilikuwa vita. Belo ya mtumba huwa karibu kilo 45 na hata mtungi wa maji wa lita 20 ni kilo 20, na niliambiwa nisijaribu kwa karibu wiki sita, ju ile sehemu ya kitovu ikiachia unapata ngiri. Msichana wangu ndo alifungua belo na kupanga, mimi nikakaa kwa kiti nikiitisha bei tu. Wateja wengine wakaona nimekuwa tajiri.

Kitu ya kukufanya urudi hospitali usiku huo huo: macho yakigeuka manjano, mkojo ukiwa mweusi mweusi na choo kikiwa cheupe, homa na kutetemeka, uchungu wa tumbo unaozidi badala ya kupungua, au kidonda kikitoa usaha. Inaweza kuwa jiwe limebaki kwa ile njia ya nyongo au nyongo inavuja ndani, na hizo zote zinatibika lakini si kwa dawa za dukani.

Na mfuko wenyewe ukishatolewa kwa kawaida hupelekwa maabara, ju mara chache sana hupatikana saratani iliyojificha. Majibu yanaweza kuchelewa na hakuna mtu atakukimbiza nayo. Ulizia ukienda kuangaliwa vidonda, alafu uweke hiyo karatasi na ile ya operesheni kwa faili moja, ju siku tumbo likikuuma tena daktari mpya atataka kujua kwanza ulitolewa nini na waliona nini.