Soksi Bila Kilti

Juzi mwanangu wa kati karudi na karatasi ya shule. Tarehe 25 Januari ni siku ya Robert Burns, mshairi wa hawa Waskoti, kwa hiyo watoto waje na chochote chenye tartani, kile kitambaa chao cha miraba, na mwenye kilti, ile sketi yao ya wanaume, aivae. Chini, kwa wino mzito: visu vya soksini haviruhusiwi, hata vya plastiki. Kaisoma mwenyewe mpaka mwisho, kanyanyua macho ukutani kwenye ile picha, kisha akanigeukia.

"Baba, mbona wewe unacho?"

Mama yao alikuwa jikoni, mahamri yako mafutani. Nikamsikia anacheka. "Mwambie," akasema, "na ya stesheni umwambie pia."

Ya stesheni sikumwambia. Nilimwambia kisu kile kinaitwa sgian dubh, hutamkwa "skian du", maana yake kisu cheusi, na kwamba pale soksini ni pambo tu kama darizi ya kanzu. Mtoto wa miaka tisa haridhiki na "pambo tu", lakini bahati nzuri alikuwa na njaa.

Ilikuwa Oktoba 2011, kule Oban, mji wa pwani wa Scotland. Mwenzangu wa kazi ghalani alikuwa anaoa, na mimi nilikuwa mmoja wa wapambe wake. Tulikodi nguo duka moja ili tufanane. Unapewa kila kitu ndani ya mfuko mmoja mrefu: kilti yenyewe, yadi 8 za sufu, ukiivaa ni kama umefungwa blanketi kiunoni, koti, sporani, kile kibeti cha ngozi kinachoning'inia mbele, viatu vya kamba ndefu, soksi nyeupe za kufika chini ya goti. Na kisu. Nilipokichomoa nikakuta ni mpini mtupu uliogandishwa kwenye kipande cha plastiki. Sikujali. Nani angejua?

Baba wa bwana harusi alijua. Mzee yule alikuwa fundi wa mashua maisha yake yote, na asubuhi ya harusi tulivalia sebuleni kwake. Akatukagua mmoja mmoja kama nahodha. Alipofika kwangu akainama, akakivuta kile cha plastiki kwa vidole viwili, kama mtu aliyekuta unywele kwenye pilau, akakitupa mezani. Akapanda ngazi. Aliporudi alikuwa na chake.

Kilikuwa kidogo. Ukikilaza kiganjani, mpini unaanzia kwenye kifundo cha mkono na ncha haivuki kidole cha kati. Mpini wa pembe, umelainika pale gumba linapokaa. Ala ya ngozi nyeusi, imechubuka mwishoni. Akakitoa alani nusu, akanionyesha bapa, akakirudisha. Kisha akapiga goti mbele yangu.

Hapo nilitahayari. Kwetu Lamu mzee hampigii goti kijana. Nikataka kurudisha mguu nyuma, akaushika. "Unatumia mkono gani?" Wa kulia. Basi mguu wa kulia. Akakipenyeza ndani ya soksi ubavuni mwa muundi, akaacha mpini tu uchungulie, akaipapasa soksi mpaka ikanyooka.

"Unajua," akasema, bado yuko pale chini, "jeshi la mfalme lilipotushinda vitani Culloden mwaka 1746, walikipiga marufuku kitambaa hiki. Mwanamume akikutwa amekivaa, miezi 6 jela. Akirudia, anapelekwa ng'ambo miaka 7."

Aliyasema kama habari ya juma lililopita, kama kwamba aliyefungwa ni jirani yake. Kwamba marufuku yenyewe iliondolewa mwaka 1782 hakutaja.

Mimi nilikuwa namkumbuka kaka yangu siku ya harusi yake, Langoni: joho, kilemba, na jambia la kuazima kiunoni. Jambia lile ni la ami yetu, na nusu ya mabwana harusi wa mtaa ule wameoa nalo. Bibi akisema jambia la harusi halitoki alani. Likitoka, harusi imekwisha. Basi nami nikapewa cha kuazima, nikajiona nimefika nyumbani.

Harusi ilikuwa harusi. Mvua, zumari, jasho, na ile michezo yao ya kushikana mikono na kurushana huku na huku, kirumbizi bila fimbo. Nilirushwa na bibi wa miaka themanini nikaangukia meza ya keki. Tuyaache hayo.

Kesho yake mzee alikuwa ameshatoka na mashua alfajiri. Mfuko wa nguo ukaenda na mpambe mwingine mwenye gari ili aurudishe dukani Jumatatu. Soksi duka hawazitaki tena, ni zako, kwa hiyo nilibaki nazo, na kisu nikaona si adabu kukiacha kwa mtu wa hoteli. Mzee alikuwa na safari ya Glasgow, ninakoishi, wiki ile ile. Nitampa mkononi mwake. Nikakivisha soksi moja, nikaikunja, nikaitia mfuko wa koti, mfuko ule ule wa tiketi. Jinzi, koti, raba. Treni kutoka Oban huchukua saa tatu na ushei, na toka Crianlarich nililala mdomo wazi.

Sasa. Mlangoni pa kukagulia tiketi, Glasgow. Nyuma yangu kuna foleni, nina usingizi, natia mkono mfukoni navuta tiketi, na tiketi inakuja na soksi. Nikaidaka soksi kwenye ncha yake ya vidoleni. Ikakunjuka kwa urefu wake wote, na kisu kikamwagika.

Ala ilibaki ndani. Kilichoanguka kilikuwa uchi.

Sarafu ikianguka stesheni watu hutazama chini. Kisu kikianguka hukutazama wewe. Kilipiga vigae, kikaruka, kikazunguka kama pia, na kilipotulia ncha yake ilielekea kigari cha mtoto wa mtu. Mama wa mtoto akakivuta kigari nyuma, taratibu, bila kuondoa macho usoni mwangu. Sijasahau yale macho. Hakuwa na chuki. Alikuwa anapiga hesabu.

Mwili wangu ulitaka kuinama uokote, kama uokotavyo funguo. Sijui nani aliuzuia. Nilibaki nimesimama wima, mtu mweusi mwenye koti kubwa, mkono mmoja una tiketi, mwingine unaning'iniza soksi nyeupe ndefu kama bendera ya kusalimu amri. Askari wawili walikuwa hatua kumi hivi. Hawakukimbia. Mmoja alikuja akaweka buti juu ya bapa, polepole, kama azimaye sigara.

"Ni chako?"

"Cha kuazima."

"Cha nini?"

"Cha harusi."

Nilisikia jinsi lilivyotoka. Nikaongeza haraka, "Harusi imekwisha," ikawa mbaya zaidi.

Mwenziwe alikuwa anaitazama soksi. "Hiyo ni soksi ya kilti?"

"Ndiyo."

"Na kilti iko wapi?"

"Imetangulia. Kwa gari."

Akanitazama kuanzia raba kupanda juu, akakawia kwenye jinzi. Nikakumbuka simu. Betri ilikuwa nyekundu. Nikaomba ruhusa ya kuitoa mfukoni, nikaitoa kwa vidole viwili, nikamwonyesha picha, hii hii iliyoko ukutani: wanaume watano ufukweni Oban, magoti nje, upepo umetukamata. Akaikuza kwa vidole. Akatazama picha, akanitazama mimi, akarudi kwenye picha. Nilitaka kumwambia mimi ndiye yule mweusi, hakuna mwingine, lakini nikaona ajitafutie. Akashuka mpaka miguuni, akaupata mpini unachungulia soksini, akaukuza ule. Akainua buti akalinganisha.

Nyuma foleni ilikuwa inapita kwa mlango mwingine. Mama mmoja mtu mzima na kikapu chake akasema kwa sauti, "Katoka harusini huyo, hamuoni macho yake?" Askari wa kwanza akakaza midomo asicheke. Wa pili hakucheka. Alichukua jina, tarehe ya kuzaliwa, anwani, akayasoma kwenye redio, tukasubiri sote watatu kama watu wanaongoja chai ichemke.

"Jana hiki kilikuwa vazi," akaniambia tukisubiri. "Leo umevaa suruali."

Redio ikajibu neno moja ambalo sikulisikia. Akaokota kisu, akakichomeka alani mwenyewe, akakivingirisha ndani ya soksi, akanifungulia begi akakizamisha chini kabisa chini ya shati chafu. Nyumbani moja kwa moja, akasema. Usipitie popote. Nilitembea kwa miguu dakika arobaini, sikupanda hata basi.

Usiku ule nikaisoma sheria. Ni kifungu cha 49 cha sheria ya jinai ya Scotland ya mwaka 1995. Kuwa na kitu chenye makali au ncha hadharani ni kosa. Kisu cha mfukoni cha kukunja, makali yasiyozidi inchi 3, hicho kimeachwa, changu hakikunjiki. Halafu zimetajwa sababu ambazo mtu anaweza kujitetea nazo: kazi yake, dini yake, ndipo Masingasinga na kirpani, kisu chao cha dini, wanapopatia nafasi, au kisu kiwe sehemu ya vazi la taifa. Na wewe uliyekamatwa ndiye wa kuionyesha hiyo sababu.

Nilikisoma kifungu hicho mara nyingi mpaka nikakielewa nilivyokielewa. Ufukweni Oban sikuwa na ruhusa, nilikuwa na udhuru. Udhuru wenyewe ni yadi 8 za sufu, na sufu ilikuwa kwenye buti la gari la mtu. Labda kama mfuko wa nguo ungekuwa begani mwangu, kisu kimo humo na vyote vingine, mazungumzo yangekuwa mafupi. Nikamfikiria mzee amepiga goti. Wakati wa babu zake kitambaa ndicho kilichompeleka mtu jela. Leo kitambaa ndicho kinachomwepushia jela mwenye kisu.

Askari siwalaumu. Glasgow ilikuwa na balaa ya visu hata mwaka 2005 polisi wakaunda kitengo maalumu cha kupunguza ukatili, wakaanza kuyatazama mambo haya kama maradhi. Kama ningekuwa mimi na lile buti, ningekikanyaga vilevile. Ninachozunguka nacho ni kingine. Nini kiliniokoa? Sheria haikutajwa pale hata mara moja. Ilikuwa picha, na asilimia nne za betri, na mama mwenye kikapu. Na sheria inasema vazi la taifa lolote, haisemi la Scotland tu. Ningekuwa na kanzu, joho na jambia la ami, mama yule angesema katoka harusini? Huenda angesema. Watu wa Glasgow huwawezi.

Mzee alikuja Ijumaa. Nikamweleza yote, akacheka mpaka akakohoa, mke wangu akamletea maji. Alipoaga nikamkabidhi kisu kwa mikono miwili. Akakitazama, akajitazama miguu, akakiweka tena juu ya meza yangu.

"Nimevaa suruali," akasema.

Kila tulipoonana baada ya hapo alikuwa amevaa suruali. Alifariki mwaka 2019. Mwanawe anasema nikae nacho. Kiko juu ya kabati, ndani ya soksi ile ile, na ya pili imepotea.

Nilikuwa nimeishia hapo, kumbe kaka yangu wa Lamu kaandika jana. Mtoto wake wa kwanza anaoa Agosti, Leicester. Jambia la ami linakuja, litasafiri ndani ya sanduku linalokwenda chini ya ndege, kaka kashauliza shirika. Sasa anataka mimi nimpokee uwanjani Heathrow, nilichukue sanduku nilipeleke mbele kwa treni, kwa sababu yeye atapitia kwanza kwa wakwe. Uingereza kule sheria ni nyingine, ya mwaka 1988, lakini vazi la taifa limo vilevile, nimekwisha kuangalia. Nimeandika jibu mara tatu nikalifuta. La nne nimemwuliza kama anaweza kunitangulizia na joho.