Ndugu Watatu na Bakuli Moja

Siku walipofikishwa kwangu kutoka hospitalini, niliwapakulia wali na maharage katika sahani tatu, kisha nikaenda jikoni kuchukua maji ya kunywa. Niliporudi nilikuta chakula chote kimemiminwa katika bakuli moja, na yule mkubwa, binti aliyekuwa na umri wa miaka 15 wakati huo, akiwagawia wadogo zake tonge kwa tonge, akihesabu kwa midomo bila kutoa sauti. La kwake alilitia kinywani mwisho, baada ya kuhakikisha kwamba wenzake wamekwisha kumeza. Nilisimama mlangoni na jagi langu, nikatambua kwamba nimepokea familia iliyokwisha kuwa na mama, na mama huyo ni mtoto.

Baba yao ni kaka yangu wa tumbo moja. Sitataja majina ya watoto, wala mji wetu, wala shule wanazosoma, kwa sababu simulizi hii ni yao kabla ya kuwa yangu. Yule mkubwa ameisoma yote, na sehemu mbili alizoniomba niziondoe nimeziondoa. Kuhusu yaliyowapata inatosha kusema kwamba kwa zaidi ya miaka sita walifungiwa na wazazi wao chumba kimoja, walipigwa kwa waya na walinyimwa chakula, mara nyingine kwa adhabu na mara nyingine bila sababu ambayo mtu yeyote angeweza kuieleza. Mimi nilikuwa nikifika nyumbani kwao sikukuu kwa sikukuu. Nilipouliza, niliambiwa wamelala, au wamekwenda kwa mjomba wao, nami niliamini kwa sababu aliyeniambia alikuwa kaka yangu. Aliyewaokoa ni jirani mpangaji, mgeni kabisa katika mtaa ule, aliyekwenda polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto siku ya tatu tangu ahamie.

Sasa ni mwaka wa nne. Watu wema huniuliza kama watoto wamepona, na huuliza kwa namna ya mtu anayetaka kusikia neno moja tu. Ninaandika kwa sababu jibu langu ni refu kuliko wanavyotarajia, na kwa sababu najua kuna shangazi, bibi au kaka mkubwa mahali fulani aliyepokea ndugu wa namna hii akaambiwa kwamba kazi ngumu imekwisha.

Katika miezi ya kwanza nilisoma sana habari za familia ya Turpin ya Marekani. Tarehe 14 Januari 2018, katika mji wa Perris, jimbo la California, binti wa miaka 17 alitoka kwa dirisha nyumbani kwa wazazi wake akiwa na simu isiyo na huduma, ambayo kwa bahati bado iliweza kupiga namba ya dharura, 911. Polisi walikuta ndugu 13, mdogo wao akiwa na miaka 2 na mkubwa miaka 29, na huyo wa miaka 29 alikuwa na uzito wa kilo 37 hivi. Walikuwa wakifungwa minyororo vitandani na kulishwa kidogo mno, na kuoga kulikuwa jambo la mara moja kwa mwaka. Wazazi, David na Louise Turpin, walikiri makosa 14 mwezi Februari 2019, na mwezi Aprili wakahukumiwa kifungo cha miaka 25 hadi maisha. Wengi wanaoikumbuka habari hiyo wanaikumbuka hadi hapo.

Mimi kilichonishika ni yaliyofuata. Ndugu waliokuwa wametimiza miaka 18 waliwekwa chini ya msimamizi wa umma wa kaunti, na wale sita wadogo wakapelekwa katika familia za malezi. Watu wa nchi nyingi walichanga mamia ya maelfu ya dola, lakini wale wakubwa walihangaika kuzifikia hata kwa mahitaji madogo, na baadhi yao walikosa makazi ya kueleweka na chakula cha uhakika. Baadhi ya wadogo waliwekwa katika nyumba ambamo walitendewa ukatili upya, na baba wa nyumba hiyo alifungwa mwaka 2024. Uchunguzi ulioongozwa na jaji wa zamani Stephen Larson, uliotolewa Julai 2022, ulieleza kwamba mfumo uliopaswa kuwalinda uliwaangusha katika mambo mengi. Nchi tajiri, yenye wataalamu na fedha, na bado watoto waliotoka katika minyororo walikosa mtu mmoja wa kukaa nao kwa subira na kuuliza kila siku wamekula nini na wamelalaje. Niliposoma hayo nilielewa kwamba yule ofisa aliyeniambia, siku ya kunikabidhi watoto, kwamba sasa wako salama na kilichobaki ni kumshukuru Mungu, alikuwa ameniambia nusu ya maneno.

Nianze na chakula, kwa kuwa ndicho kilichotufundisha mengine. Moyo wa kila anayempokea mtoto aliyekondeana unamtuma ampikie, amjazie, ampe nyama na maziwa usiku huohuo. Moyo huo unaweza kuua. Mwili uliokaa na njaa muda mrefu ukipewa chakula kingi kwa ghafla, madini kama fosfeti na potasiamu hushuka kwa kasi katika damu, na moyo unaweza kusimama. Ndiyo maana kitinda mimba wetu, aliyekuwa na miaka 6, alianzishiwa hospitalini maziwa maalumu ya F-75, yenye kalori 75 tu kwa kila mililita 100, akipewa kidogo kidogo usiku na mchana, kabla ya kuhamishiwa maziwa ya F-100, yenye kalori nyingi zaidi. Mama mmoja wodini alinilaumu kwamba namnyima mtoto. Sikuwa na nguvu ya kumweleza, lakini leo namweleza yeyote atakayesoma: mpeleke mtoto hospitali kwanza, na kasi ya kumlisha waachie wauguzi.

Nyumbani njaa iliendelea kuwa na maisha yake hata baada ya miili kujaa. Nilikuta vipande vya ugali mkavu ndani ya mto, chapati katika begi la shule, na mara moja dagaa wabichi waliofungwa kwenye soksi, ambao harufu yake ndiyo iliyowafichua. Kosa langu la kwanza lilikuwa kuvitupa. Yule mdogo alilia kilio ambacho sijapata kukisikia, na mkubwa hakulia, ila siku mbili hakuniangalia usoni. Mshauri nasaha tuliyepewa katika Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambapo waliotendewa ukatili huhudumiwa mahali pamoja, alinishauri niwape kila mmoja kikopo chenye mfuniko, chake peke yake, nikijaze karanga na biskuti kila jioni mbele yake na nisiulize vimeliwa lini. Nilifanya hivyo kwa miezi kumi na minne. Niliondoa pia kufuli la kabati la jikoni, jambo lililowashangaza majirani zangu, kwa kuwa nyumba nyingi zenye watoto hufunga sukari. Vikopo viliacha kumalizika vyenyewe, kwanza cha mdogo, halafu cha wa kati. Cha mkubwa bado kipo chini ya kitanda chake, na nitaendelea kukijaza.

Mkubwa ndiye aliyenipa kazi ya kufikiri kuliko wote. Alikuwa amelea, ameficha, amepokea vipigo visivyokuwa vyake, na alijua kwa mlio wa miguu koridoni nani atapigwa. Mimi, kwa nia njema, nilimwambia wiki ya kwanza kwamba sasa apumzike, kwamba wadogo zake nitawatunza mimi, yeye awe mtoto. Nilidhani namtua mzigo. Kwake ilikuwa kana kwamba nimemfukuza kazi pekee iliyompa sababu ya kubaki hai. Alianza kuamka usiku kukagua kama wadogo wanapumua, na nilipowahamishia wadogo chumba kingine, nilimkuta amelala sakafuni mlangoni pao.

Tulijifunza kumpunguzia cheo polepole, na kwa heshima. Nilimwomba anifundishe: nani anaogopa taa ikizimwa, nani asiguswe mgongoni, nani akinyamaza ana homa. Nilimwomba ushauri kama mtu anavyomwomba mwenzake katika ulezi, na kila alichonifundisha nilikifanya mbele yake ili aone kwamba nakiweza. Baada ya muda mrefu akaanza kuniachia jambo moja moja. Kuoga kwa mdogo ndiko alikokabidhi kwanza, na kupakua chakula ndiko kulikochukua karibu miaka miwili. Siku aliyokaa mezani akasubiri kupakuliwa, mikono juu ya mapaja, nilitetemeka kiasi cha kumwaga mchuzi.

Wa kati ni mvulana, na habari yake ni ngumu kuandika. Wazazi wake walimtumia. Akiwapelekea habari za dada zake, nani ameiba kipande cha mkate, nani amechungulia dirishani, alipewa chakula, na asipopeleka alipigwa pamoja nao. Alikuwa na miaka 12 alipotoka, na alikuwa na mwili wenye afya kuliko wenzake, jambo ambalo kila ndugu aliyekuja kutuona alilitaja kwa sauti mbele yake, wakidhani wanamsifu. Nawaomba mnaotembelea familia za namna hii msilinganishe watoto. Katika nyumba ya mateso kila mtoto hupewa nafasi yake ya kuteswa, na yule aliyepewa kula huku wengine wakitazama naye aliteswa, na jeraha lake ni la aibu, ambalo mtoto huona haya hata kulionyesha.

Hapa ndipo nilipokosana na wataalamu wawili. Mmoja alitaka ndugu watatu wasitenganishwe hata dakika moja, kwa kuwa walichobaki nacho ni wao kwa wao. Mwingine alishauri mvulana apelekwe kwa ndugu mwingine wa ukoo, kwa ajili ya amani ya dada zake. Sikumfuata yeyote kikamilifu. Walikaa nyumba moja, lakini kila mmoja alionana na mshauri peke yake, kila mmoja alikuwa na saa yake na mimi isiyoingiliwa, na sikumlazimisha mkubwa kumsamehe mdogo wake kwa ajili ya kunifurahisha. Nilimwambia mvulana, mbele ya dada zake, kwamba kosa lilikuwa la watu wazima waliomweka mtoto mwenye njaa katika uchaguzi ule. Nimelirudia mara nyingi. Sijui ni mara ya ngapi alilisikia.

Kisha kulikuwa na ukoo. Kesi ikiwa bado mahakamani, wazee walifika kwangu kikao kizima, baba mkubwa akiwaongoza, wakinitaka niwasihi watoto wasitoe ushahidi ili mambo yamalizwe kifamilia. Walisema mzazi ni mzazi, walisema fimbo imetulea sote, na walisema, watoto wakisikia, kwamba anayemfunga mzazi wake hukosa radhi na hatafanikiwa. Hilo la fimbo naelewa linatoka wapi. Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana, wasichana kwa wavulana, walikuwa wamepata ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Jicho lililozoea viboko huchelewa kutambua mateso. Lakini Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mateso na adhabu za kikatili kwa mtoto, na inampa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa anapoona haki za mtoto zinavunjwa. Niliwakaribisha wazee chai, nikawajibu kwa adabu yote niliyofundwa kwamba sitafanya walichoniomba, na baba mkubwa hajakanyaga kwangu tangu siku hiyo.

Wazee waliondoka, neno radhi likabaki. Mkubwa alifeli mtihani mmoja mwaka uliofuata akaniambia ni laana. Nilimpeleka kwa kiongozi wa dini ninayemheshimu, mtu mzima mwenye wajukuu, ambaye alimsikiliza hadi mwisho kisha akamweleza kwamba mzazi naye ana amana aliyopewa na ataulizwa juu yake, na kwamba kusema kweli mbele ya hakimu si kumvunjia mzazi heshima. Mimi nilikuwa nimemwambia maneno ya namna hiyo mara kadhaa, lakini alihitaji kuyasikia kutoka kinywa cha mtu mwenye mamlaka ya aina ileile iliyomtisha.

Mdogo sasa ana miaka 10, yuko darasa la tatu na wenzake wadogo kwake, na hajali. Anakumbuka machache, au anasema machache.

Mkubwa ana miaka 19. Mwezi uliopita aliniuliza kama nitamsindikiza gerezani kumwona mama yake. Swali hilo lilinichoma, na sikuficha uso wangu vizuri, akaona. Akanieleza kwamba anampenda na anamwogopa, na kwamba anataka kujua kama akimwona akiwa nyuma ya meza, mbele ya askari, bado miguu itamtetemeka. Katika ile kesi ya Perris pia, wakati wa hukumu, baadhi ya watoto waliiambia mahakama kwamba wanawapenda wazazi wao, nami nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilikasirika. Safari hii sikukasirika. Nilimwambia nitamsindikiza hadi getini na nitamsubiri nje hata kama ni kutwa nzima, na akiamua kugeuka njiani tutapanda gari la kurudi bila kuulizana.

Jana jioni, nikiwa jikoni, nilimsikia kaka yake akimwuliza kwa sauti ya chini kama na yeye anaweza kuja. Mkubwa alinyamaza muda mrefu. Hatimaye alimjibu kwamba safari hii hapana, kisha akamwuliza kama ameshakula.