Barakoa hadi alfajiri: nilivyodhibiti apnea ya usingizi na presha

Mwanamume mwenye apnea ya usingizi, yaani koo kufunga na pumzi kukatika usingizini, hufikishwa hospitalini na mkewe aliyechoka na makoromo. Mwanamke mara nyingi huja peke yake, na halalamikii kukoroma: hapati usingizi, kichwa kinamgonga asubuhi, uchovu hauishi, moyo unakwenda mbio usiku na haja ndogo inamwamsha mara mbili tatu. Mimi nilikuwa na hizo zote, pamoja na presha iliyokataa kushuka kwa dawa mbili. Ukifika na dalili hizi, hasa baada ya hedhi kukoma, usikubali dawa za usingizi kabla ya kupimwa pumzi. Zile za jamii ya benzodiazepini huweza kulegeza koo na kuuchelewesha ubongo kushtuka hewa inapokatika.

Ile haja ndogo ya usiku ina maelezo, na yanahusu moyo. Ukivuta hewa huku koo limefunga, shinikizo ndani ya kifua hushuka ghafla, damu nyingi hurudi moyoni na vyumba vya juu hutanuka. Moyo huona kama maji yamezidi mwilini, hutoa homoni ya kuziamuru figo ziyatoe. Papo hapo oksijeni inashuka, neva za tahadhari zinawaka, mishipa inabana na presha inapanda. Hayo yakijirudia kila usiku kwa miaka, huandaa njia ya presha sugu na mapigo yasiyo na mpangilio.

Kipimo cha kwanza nilifanyia nyumbani. Kilihesabu mikatiko 80 ya pumzi katika saa 8 za kurekodi, yaani 10 kwa saa: apnea hafifu. Lakini vifaa vingi vya nyumbani hugawa kwa muda wa kurekodi, si muda wa kulala. Kama umelala saa 5 tu, 80 hiyohiyo ni 16 kwa saa, na kuanzia 15 ni apnea ya kati. Aidha, vifaa hivyo haviioni mikatiko inayokuamsha bila kushusha oksijeni, nayo ni mingi kwa wanawake. Ndiyo maana niliomba kipimo kamili cha maabara, chenye waya za kichwani.

Maabara iliandika 9 kwa saa, na hapo ningeweza kurudishwa nyumbani. Ukurasa wa pili ndio wenye habari: katika usingizi wa ndoto, 36 kwa saa, kwingineko, 2. Wastani ulikuwa umelificha tatizo. Omba namba hizo mbili zitenganishwe, kwa sababu apnea ya wanawake hupenda kujikusanya kwenye usingizi wa ndoto, ambao sehemu yake kubwa huja saa za mwisho kabla ya kucha. Ukivaa barakoa ya mashine ya hewa saa nne za kwanza ukaivua, umetibu sehemu ya usiku iliyokuwa salama tangu mwanzo.

Basi kazi yangu yote ikawa moja: barakoa ibaki usoni mpaka asubuhi. Mashine ya CPAP, inayosukuma hewa kupitia barakoa ili koo lisifunge, ililetwa ikiwa imeachwa huru kujipangia shinikizo, kati ya sentimita 4 na 20 za maji. Kwenye 4 au 5 wengi huhisi kukosa hewa, na wigo mpana huacha mashine ikimbilie juu kwa sababu ya uvujaji wa hewa tu. Tuliiweka 7 hadi 12. Wanawake wengi hawahitaji shinikizo kubwa. Kila badiliko lilikuwa la namba moja, kisha nasubiri usiku tano hadi saba kabla ya jingine.

Nilikuwa nikiivua saa kumi alfajiri bila kujua, na sababu zilikuwa tatu. Ya kwanza, taya. Katika usingizi wa ndoto misuli hulegea kabisa, mdomo unafunguka na hewa inakimbilia huko. Unaamka kinywa kikavu kama kitambaa. Mkanda wa kidevu haukutosha, nikahamia barakoa inayofunika pua na mdomo. Ijaribu ukiwa umelala chali, mashine ikiwa imewashwa, kisha geuka pande zote mbili. Kaza kanda kidogo kuliko unavyodhani: ukizidisha, mto wa silikoni unaogusa uso hujikunja na uvujaji huongezeka. Mafuta ya uso pia huufanya uteleze, kwa hiyo nilinawa kwa sabuni kabla ya kulala na kuufuta mto kila asubuhi. Mwenye nywele zilizosukwa ashushe kanda ya nyuma chini ya mafundo, vinginevyo itapanda usiku kucha.

Ya pili, maji. Alfajiri chumba kinapopoa, mvuke wa mashine hugeuka matone ndani ya mpira unaoleta hewa na kukurushia maji puani. Nilishusha unyevu wa mashine hatua moja na kuupitisha mpira chini ya blanketi. Ya tatu ilikuwa choo: nilivua barakoa, nikarudi kitandani na kusahau kuivaa. Chomoa mpira kwenye kiungio cha mbele na uiache barakoa kichwani.

Kuhusu moyo, nasema kwa tahadhari. Katika tafiti, CPAP hushusha presha kwa wastani wa milimita 2 hadi 3 tu, zaidi kidogo kwa wenye presha sugu. Jaribio la SAVE la mwaka 2016, la watu zaidi ya 2,600 waliokwisha kuwa na maradhi ya moyo au mishipa ya ubongo, wengi wao wanaume, halikuonyesha kupungua kwa mshtuko wa moyo wala kiharusi; lakini walivaa barakoa wastani wa saa 3.3 kwa usiku. Hivyo sikutegemea mashine peke yake, na dawa sikuzigusa bila daktari.

Nilichofuatilia ni presha ya usiku, kwa kipimo cha saa 24. Usiku inapaswa kushuka angalau asilimia 10. Yangu, kwa namba ya juu, ilikuwa 138 mchana na 136 usiku. Baada ya miezi mitatu ya kuvaa hadi asubuhi, dawa zilezile, ilisoma 136 na 122. Ukipima mchana tu, badiliko hilo hulioni.

Nilipopungua kilo tisa kipimo cha maabara kilirudiwa, bila mashine. Wastani ulikuwa umeshuka chini ya 5, namba ambayo kwa karatasi ni kupona. Nikafungua ukurasa wa pili: usingizi wa ndoto, 17. Mashine ilirudi kando ya kitanda usiku uleule.