Harpers Ferry: soma jiwe, kisha tazama nani aliliweka

Harpers Ferry, jimbo la West Virginia, Marekani, ni kimji cha watu wasiofika 300, kilichobanwa na milima pale mto Shenandoah unapoingia Potomac. Kumbukumbu zake ni nyingi kuliko ukubwa wake, na nyingine zina ajenda. Kwa kila moja, tafuta aliyeiweka na mwaka.

Acha gari kwenye kituo cha wageni cha hifadhi ya kihistoria ya taifa kule juu, uteremke kwa basi la hifadhi. Mji wa chini maegesho ni haba.

Anza na kijengo cha matofali kiitwacho Ngome ya John Brown. Kilikuwa banda la pampu za zimamoto la kiwanda cha silaha cha serikali. Brown alikivamia kiwanda hicho Oktoba 1859 akitaka kuwakomboa watumwa, akazingirwa humo bandani hadi askari wakavunja mlango. Watalii hupiga picha wakidhani wamesimama pale pale. Sivyo. Mwaka 1891 jengo lilivunjwa likapelekwa Chicago kuoneshwa kwa kiingilio. Ndani ya siku 10 walikuja watu 11! Mwaka 1895 likajengwa upya kwenye shamba la Murphy, nje kidogo ya mji. Mwaka 1909 Chuo cha Storer, kilichosomesha watu weusi tangu 1867, kikalinunua na baadaye kulihamishia kwake. Lilirudi mji wa chini mwaka 1968, lakini kiwanja cha awali kilikuwa kimefukiwa na tuta la reli, kwa hiyo limekaa mita 45 hivi kando. Mahali penyewe pana mnara mdogo wa mawe, juu ya tuta.

Jirani, mtaa wa Potomac, kuna jiwe la Heyward Shepherd, mpagazi mweusi wa reli, mtu huru, aliyekuwa wa kwanza kuuawa na watu wa Brown. Ukiishia kwenye jina lake utadhani ni rambirambi tu. Liliwekwa mwaka 1931 na jumuiya za vizazi vya askari wa Kusini (upande uliotetea utumwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani), na maandishi yake yanamgeuza marehemu kuwa mfano wa mtu mweusi "mwaminifu" asiyetaka kuasi. Kuanzia 1981 hadi 1995 lilifunikwa kwa mbao. Sasa kando yake kuna kibao cha maelezo. Kisome pamoja na jiwe.

Alama za mafuriko ukutani nazo huwachanganya watu. Futi 36.5 za mwaka 1936 (mita 11 hivi) zinahesabiwa kutoka kwenye kipimo cha mtoni, si kutoka barabarani. Ukitaka kina cha maji mtaani, pima mwenyewe toka chini hadi kwenye alama.

Maandishi yaliyofifia usiyasugue kwa chaki, inakwangua jiwe. Mulika tochi kutoka ubavuni, karibu sawa na uso wa jiwe, na herufi zitajichora kwa kivuli.

Ukiwa na miguu mizuri, panda ngazi za mawe upite mwamba uitwao Jefferson Rock hadi kilima cha Camp Hill, kilipokuwa Chuo cha Storer hadi 1955. Hapo lipo bamba la NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi, lenye maneno ya mwandishi na mwanaharakati mweusi W. E. B. Du Bois kumsifu Brown, jibu kwa lile jiwe la Shepherd. Lililetwa mwaka 1932, chuo kikalikataa. Liliwekwa mwaka 2006.