Nilivyokubali masega yatolewe kwenye gari yangu

Naanza kwa kukiri, mi ni wale wanaolalamikia moshi wa malori kila siku, afu kumbe gari yangu mwenyewe ilitembea miezi kadhaa bila masega, na nilikubali kwa mdomo wangu.

Ilikuwa hivi. Gari ilianza kuwa nzito, ukikanyaga mafuta inajivuta kama imefungiwa gogo nyuma, kwenye mlima ndo usiseme. Fundi akaingia chini na tochi, akagongagonga, akatoka anapangusa mikono, "Masega yameziba bosi, tuyatoe gari ipumue." Kwa asiyejua, masega ni kile kidude kilichotuna kwenye bomba la moshi, jina lake rasmi katalitiki konveta, ndani kina vitundu vidogovidogo kama sega la nyuki. Nikasema toa. Akakata, akachomelea bomba tupu, na kweli gari ikawa nyepesi. Ikisimama ilikuwa bado inatetemeka na taa ya injini inawaka, ila ile taa nilishaibandikia tepu nyeusi zamani, basi maisha yakaendelea.

Wiki haijaisha nikaanza kusikia harufu. Kwenye foleni kioo kikiwa wazi unanusa petroli mbichi, macho yanawasha, mpaka shati linanuka. Siku moja nikashika kitambaa cheupe mbele ya bomba gari ikiwa inaunguruma, kama dakika moja tu, kikatoka na duara jeusi lenye utelezi, ukilifikicha ndo linazidi kusambaa. Na pale nilipochuchumaa ndo nikaona bomba liko usawa wa uso wa mwanangu wa miaka minne, yule anayependa kusimama nyuma ya gari kunipungia mkono.

Sasa ndo nikaanza kusoma. Kwenye vile vitundu kumepakwa madini, platinamu, paladiamu na rodiamu, moshi wa moto ukipita pale kaboni monoksaidi na petroli ambayo haijaungua vinamaliziwa kuungua, na oksaidi za naitrojeni zinarudishwa kuwa naitrojeni ya kawaida tunayovuta kila siku. Hiyo kaboni monoksaidi ndo muuaji wa kimyakimya, haina rangi wala harufu, na inang'ang'ania kwenye damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Marekani walianza kufunga masega kwa wingi kwenye magari ya mwaka 1975, na ndo yaliyochangia sana petroli yenye madini ya risasi kuondolewa, maana hayo madini yanayaharibu. Nchi ya mwisho kuacha kuiuza kwa ajili ya magari ni Algeria, mwaka 2021, yaani juzi tu! (Kaboni dayoksaidi, ile hewa inayoongeza joto duniani, masega hayaizuii, kila lita ya petroli inatoa kama kilo 2.3, hiyo dawa yake ni kuchoma mafuta machache, basi.)

Kilichoniuma zaidi ni fundi wa pili. Akasikiliza mtetemo, akafungua plagi, zile zinazotoa cheche ya kuwasha mafuta, moja imekufa kabisa. Mafuta yalikuwa yanapita bila kuungua yanaenda kuungulia ndani ya masega mpaka masega yenyewe yakayeyuka na kuziba. Masega huwa hayazibi yenyewe tu, ukiona yameziba ujue kuna kitu huko juu, plagi, koili inayoipa plagi umeme, au injini inakula oili. Sisi tulikata mguu wakati kinachouma ni jino.

Wenye dizeli nao wasome moshi wao. Mweusi ni mafuta mengi hewa kidogo, anza na eya klina na nozeli zinazopuliza mafuta. Wa bluu injini inakula oili. Mweupe mzito usiokata hata injini ikipata moto, huenda maji yanaingia ndani, wahi gasketi ya injini. Na usizoee kuuvuta, tangu 2012 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa limeuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa uhakika.

Jingine ambalo sikulijua, masega hayafanyi kazi vizuri mpaka yapate moto wa kama nyuzi 300, kwa hiyo zile dakika za kwanza ndo gari inatoa uchafu mwingi, maana yake safari ya kwenda dukani hapo jirani ni chafu kuliko unavyodhani. Siku hizi hiyo naenda kwa miguu, au nakusanya shughuli zangu zote natoka mara moja. Nikimsubiri mtu nazima injini.

Masega yangu ya zamani nilipoyaulizia nikaambiwa yalishauzwa, kumbe kuna watu wanayasaka kwa sababu ya yale madini. Nimefunga mapya, hela iliyonitoka ningenunua plagi za kutosha ukoo mzima. Juzi nimerudia kipimo changu cha kitambaa, dakika ileile, kimetoka na umajimaji tu na doa la kijivu kwa mbali. Taa nayo nadhani imezima, tepu bado sijaibandua.