Dada kajibu Malagarasi

Mwezi huu nimekua mwalimu wa usiku jamani. Dada yangu yuko Marekani miaka mingi sasa, anasubiri intavyuu ya uraia, basi saa nne usiku nikishamaliza ugali na migebuka yangu hapa Mwanga ananipigia WhatsApp, kwake bado mchana, namuuliza maswali ya ule mtihani wa uraia, historia na serikali ya Marekani. Yapo 100 kwenye ile orodha ya 2008 maana yeye aliomba kabla hawajabadilisha, afisa anakuuliza kwa mdomo mpaka 10, ukipata 6 umefaulu. Waliotuma fomu kuanzia 20 Oktoba 2025 ndo wana kazi, orodha yao ina 128 na wanatakiwa wapate 12 kati ya 20.

Juzi nikamuuliza, baba wa taifa ni nani? Akajibu fasta, Nyerere! Nikacheka mpaka mama akatoka chumbani kuuliza kuna nini. Nikamwambia dada, huyo ni George Washington bwana. Swali la mto mrefu wa Marekani nalo akasema Malagarasi, mto wetu wa huku Kigoma, hapo najua alikua ananichokoza tu, Mississippi anaijua.

Kinachomtesa ni namba. Maseneta 100 wanakaa miaka sita, wawakilishi 435 wanakaa miwili, anavichanganya kila siku, na yote anatakiwa ayaseme kwa Kiingereza. Mi mwenyewe ukiniuliza wabunge wetu wako wangapi naanza kujikuna kichwa.

Leo tunarudia marekebisho ya katiba, yako 27. Bando nimeshaweka.